Tumbo la Jipsamu

Simu ililia saa moja na robo asubuhi. Kathambi alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa chumba cha maonyesho akifuta vumbi la jipsamu, ile plasta nyeupe ya dari, kwa kitambaa kibichi, na alipoona jina la Kiunga kwenye kioo cha simu akaacha kufuta. Shemeji yake huyo hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa mtu wa kutuma ujumbe wa maneno matatu, na moja kati ya hayo matatu huwa ni "sawa".

"Sista, tuko hospitali," Kiunga akasema. "Chupa ilipasuka alfajiri. Joyline amelazwa."

"Lakini bado wiki tatu!"

"Bado, ndiyo. Lakini ndio hivyo."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema tungoje."

Tungoje! Neno rahisi hilo kwa anayelisema. Kathambi alijikalia pale pale sakafuni, kitambaa mkononi, maji machafu yakimtiririkia kwenye kiwiko. Mbele yake, juu ya meza katikati ya chumba, lilikuwa tumbo la mdogo wake Joyline. Si Joyline mwenyewe, tumbo tu, la jipsamu, jeupe pe, kuanzia chini ya matiti mpaka juu ya mapaja, limejaa mimba ya miezi minane na kitovu kimetokeza nje kama kifungo cha koti. Saa nane mchana watu wangeingia kwa mlango ule kulitazama. Na mmoja wa watu hao angekuwa mama yao mzazi, Gatakaa, ambaye hakujua kama tumbo hilo lipo duniani.

Hapo ndipo penye shida, na ili uielewe ni lazima umwelewe Gatakaa. Nyumbani kwake Kibirichia, kule juu kwenye viazi na baridi, mimba haisemwi. Alijua Joyline ni mzito kwa sababu ana macho, si kwa sababu kuna mtu aliyemwambia. Mtoto asiyezaliwa hanunuliwi nguo, hatafutiwi jina, hatajwi hata kwenye sala ya chakula, na waliozaliwa hawahesabiwi. Karani wa sensa alipofika kwake, Gatakaa alimpa chai, akamjibu mpaka hesabu ya mabati ya paa. Alipoulizwa watoto ni wangapi, akamwambia, "Kijana, hao wanapita hapo uani. Wewe si una macho?" Karani akakaa mpaka saa kumi akihesabu vichwa kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani, na hakika alikosea, kwa sababu Joyline alikuwa shuleni.

Sasa mwanamke kama huyo umwonyeshe tumbo la bintiye mezani, mbele ya watu wasiojulikana, taa zimeelekezwa kwenye kitovu. Wee! Kathambi hakuwa amelala vizuri tangu Jumatatu, na hapo mpango wao ulikuwa bado ni mzuri. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: Joyline angekuja kwenye maonyesho kwa miguu yake, amshike mama yake mkono, amwambie yeye mwenyewe. "Niachie mimi," Joyline alikuwa amesema. "Akiniona nimesimama mzima atakasirika kidogo tu." Basi, huyo wa kusimama mzima ndiye aliyelazwa, na Kathambi alibaki peke yake na meza.

Kathambi ana miaka arobaini na minne, na nusu ya hiyo ameimaliza akitazama juu. Ni fundi wa dari. Alijifunza kazi hiyo hapa Meru mjini, mwanamke peke yake kati ya wanaume wanane waliomwambia kwamba atadumu wiki moja. Wanne kati yao sasa anawaandika kazi yeye, na akiwa na hasira huwakumbusha. Amepanga chumba mtaani Majengo, nyuma ya bucha ya Omar, na kila nyumba ya maana uliyoiona Kaaga ikiwa na maua meupe kwenye dari, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wake.

Mambo ya sanamu yalimjia kwa uzembe. Siku moja alipumzika kazini, akaegemeza kiganja kwenye jipsamu iliyobaki ndani ya karai, akapitiwa na mawazo. Jipsamu ikianza kuganda hupata joto, na hilo joto ndilo lililomshtua. Alipouchomoa mkono, akaona kwenye karai kiganja chake chote: mistari, sugu, mpaka ule mkato wa msumeno wa mwaka aliotaka kuacha kazi. Akajaza shimo lile jipsamu mpya, akangoja, akabandua. Mkono ukatoka. Aliutazama akajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, kama mtu aliyekutwa akijisemea. Miaka yote hiyo alikuwa na mkono huo na hakuwahi kuuona.

Tangu hapo akawa anaomba watu miili yao, vipande vipande. Omar mchinjaji alimpa mkono wa kukatia nyama, kuanzia kiwiko. "Mkono sawa," akasema, "uso hapana, usinitie kwenye matatizo na dini yangu." Akina mama wavunaji wa viazi walimpa migongo. Hata Gatakaa alimpa paji la uso, lile lenye bonde lililochimbwa na mkanda wa kubebea kuni tangu usichana wake, lakini kwa sharti kwamba macho yabaki wazi na mdomo uruhusiwe kuongea. Aliongea kweli, mwanzo mpaka mwisho, juu ya bei ya mbegu.

Mwalimu Beverlyne, aliyefundisha sanaa miaka mingi kabla ya kustaafu, aliigeuza nyumba ya wazazi wake hapo Kaaga ikawa galari, nyumba ya kuonyeshea sanaa, na Kathambi ndiye aliyemwekea dari. Mwalimu aliuona ule mkono wa kwanza ndani ya ndoo ya vifaa. Akauinua, akaugeuza, akauliza, "Una mingine?" Ilichukua miaka miwili kutoka swali hilo mpaka siku hii. Maonyesho yaliitwa *Tulivyobeba*. Jina lilikuwa la Mwalimu. Kathambi alikuwa ameandika tu "vitu vya Kathambi" kwenye maboksi.

Na tumbo? Tumbo lilikuja mwisho, mwezi wa Juni. Joyline, kitinda mimba wao, mwenye miaka thelathini na mmoja, alifika Majengo Jumapili moja baada ya ibada, akafunga mlango, akainua blauzi.

"Nitengeneze," akasema.

"Una wazimu. Mama atatuzika sote wawili."

"Nitengeneze, Kathambi."

Ilikuwa mimba ya tatu. Ya kwanza, miaka sita nyuma, ilitoka ikiwa na miezi saba. Ya pili ilifika mwisho, Joyline akazaa mtoto asiyelia, na wauguzi wakamchukua kabla hajamwona vizuri. Mara zote mbili alirudi Kibirichia kupumzika, na mara zote mbili Gatakaa alimpikia uji, akamkanda kwa maji moto, akamfunga tumbo, akamzungumzia ugonjwa wa viazi. Kila kitu alimfanyia, ila kumtajia alichopoteza. Hakuwa mkatili. Ndivyo alivyofunzwa: kilichokwenda ukikiita, kinarudi kuchukua mwenzake.

"Watu waliniangalia kama mtu aliyetoka safari," Joyline alisema siku ile. "Tumbo likarudi ndani, basi, yakaisha. Hakuna hata picha. Nataka hili lionekane. Likibaki salama, sawa. Lisipobaki, mtu apite aseme, hapa palikuwa na mtu."

Kathambi alikataa mara tatu. Mara ya nne akaweka maji jikoni yapate uvuguvugu.

Alimpaka dadake mafuta ya mgando, akambandika bendeji za plasta moja moja, akizilaza kwa vidole viwili kama anavyolaza maua ya dari. Wakangoja zigande. Plasta ilipoanza kupata joto, mtoto alipiga teke, na Kathambi akalisikia lile teke chini ya kiganja chake. Wakacheka mpaka Omar akagonga ukuta wa bucha. Akaliambua lile ganda, likawa kalibu; ilipokauka akaipaka sabuni ndani, akaimiminia jipsamu, akaitia katani ishike, na kesho yake akabandua. Kila kitu kilikuwepo. Hata lile kovu la chini ya kitovu, la uji wa moto uliommwagikia Joyline akiwa na miaka mitatu.

Na tuseme ukweli, maana Kathambi mwenyewe hakutaka kuusema. Alipolisimamisha tumbo lile na kurudi nyuma hatua mbili, alisahau dadake. Alisahau wale wa kwanza, akasahau mama. Aliona kazi, tena kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na furaha ilimpanda mpaka akaona haya. Hiyo furaha ndiyo iliyokuwa inamtafuna asubuhi hii, sakafuni, na kitambaa chake. Kama mtoto atapotea, nani atamwambia hakumuuza kwa sababu ya sanamu?

Akanyanyuka, akalikumbatia tumbo, akaanza kulivuta kuelekea stoo.

"Unafanya nini?" Mwalimu Beverlyne alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Nalitoa."

"Kathambi, lina ubichi bado, utalivunja. Liweke chini."

"Dadangu yuko hospitali, Mwalimu. Mama yangu anakuja saa nane. Mwana hajazaliwa na mimi nimeshamkatia kanzu, nimeitundika na taa juu!"

Mwalimu akaweka chai dirishani. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Tumbo ni la nani?" akauliza.

"La Joyline."

"Basi muulize mwenye tumbo."

Kathambi alipiga simu. Kiunga akapokea, na nyuma yake kulisikika mwanamke akiguna, mguno mrefu wa kutoka chini kabisa. Kathambi alitamani kukata. Akauliza hata hivyo, kwa sauti ndogo, akijiona mpumbavu kuuliza jambo la sanamu saa kama hiyo. Kiunga akamfikishia mkewe swali. Kisha Kiunga akarudi. "Amesema usilitoe. Amesema ukilitoa asije akakuona tena. Halafu ameniambia nikate simu, sista, wanamwingiza."

Wakalirudisha mezani, wawili, hatua kwa hatua. Kathambi alilifuta tena, ingawa lilikuwa safi. 

Omar alifika kabla ya saa, kofia mpya, kanzu imepigwa pasi. Akaenda moja kwa moja kwenye mkono wake. "Mbona nimetoka mweupe hivi? Wateja watadhani nyama yangu ina kasoro." Kathambi alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Omar akamtazama vizuri. "Wewe una nini? Siku ya sherehe yako umekaa kama uliyefiwa."

"Usiseme hivyo, Omar!"

Alimfokea mpaka Mwalimu akageuka. Omar akainua mikono yote miwili, akarudi zake kwenye mkono wake wa tatu, ule wa ukutani. Kathambi akawa anatazama simu. Saa sita. Saa saba. Simu ilikuwa kimya kama imekufa, akaifunga na kuiwasha tena kuhakikisha haijafa. Kila alipoyaona maandishi ya saa yamebadilika, kijasho chembamba kilimtoka, na nje palikuwa na ukungu wa Julai unaokufanya ukumbatie jiko.

Saa nane na dakika kumi pikapu ya viazi ilisimama langoni, na akina mama wa Kibirichia wakashuka wakiimba. Walikuwa wamevaa kama wanaokwenda harusi. Gatakaa alishuka wa mwisho, mfupi, mkakamavu, leso mpya mabegani, akasalimia galari nzima kwa Kimeru, kwa sauti ya shambani: "Muuga!" Wenzake wakaitikia, na mgeni wa heshima, mama mmoja wa makumbusho aliyetoka Nairobi, akaitikia pia asijue ameitikia nini.

Basi akina mama wakaanza kutafuta migongo yao. Angeline, jirani yao wa nyumbani, ndiye aliyeanza. Alisimama mbele ya mgongo mmoja mpana uliopindika kushoto, akaona baka la kuzaliwa begani, akashika mdomo. "Uui! Huyu si mimi? Na mbona hamkuniambia nimepinda?" Wakacheka wote, kisha kila mmoja akaenda kusimama mbele ya mgongo wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuuona. Mmoja alinyoosha mkono akaugusa pale palipokaa gunia miaka thelathini, polepole, kama anayempa pole mtu mwingine. Siku yoyote nyingine Kathambi angelia kwa furaha. Leo aliona tu kwamba mama yake amemaliza ukuta wa kwanza.

Gatakaa alilitazama paji lake la uso, akasema, "Huyo ameonja kuni," akapita. Alitazama mkono wa Omar, akampa Omar mwenyewe heko. Kathambi alimfuata hatua tatu nyuma.  Gatakaa akageuka kutoka ukutani, akaona meza ya katikati.

Mwanzoni aliona haya tu, kama mama yeyote wa kanisani mbele ya tumbo lililo wazi. Aliangalia pembeni. Kisha akarudisha macho. Akasogea. Akainama mpaka pua ikakaribia, akatafuta chini ya kitovu, na Kathambi akamwona alipolipata lile kovu, kwa sababu mabega ya mama yake yalishuka yote mawili mara moja.

"Yuko wapi?" Gatakaa akauliza bila kugeuka.

"Nani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Mwenye hili tumbo. Alisema atakuja. Yuko wapi?"

"Yuko hospitali."

"Tangu lini?"

"Alfajiri."

Gatakaa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua leso yake mabegani, akaikung'uta, akalifunika tumbo lile vizuri, akapenyeza ncha chini yake pande zote kama unavyomfunika mtu anayelala. Akavuta kiti cha ukutani, akakaa mbele yake, mgongo kwa tumbo, uso kwa watu, mkoba magotini. Akawa mlinzi.

"Mama," Kathambi akanong'ona, amechutama mbele yake, "watu wamekuja kuona."

"Wameona ya kutosha."

"Mama, tafadhali."

"Ulimtoa nje kabla ya siku yake," Gatakaa alisema, sauti ya chini, ya ndani ya meno. "Ukamweka mezani kama viazi vya soko, kila mtu apite abonyeze. Nani alikufunza hivyo? Mimi nilikufunza hivyo? Huyu akitupotea, Kathambi, huyu akitupotea…"  Alifumba midomo, akavishika vishikio vya mkoba kwa nguvu.

Kathambi alikuwa na jibu. Lilikuwa hapo kwenye ulimi: Joyline ndiye aliyetaka. Joyline aliniomba mara nne. Angelisema, mzigo wote ungemtoka. Lakini Joyline alikuwa kwenye kitanda cha kujifungulia dakika hiyo hiyo, na Kathambi, mwanamke mzima mwenye simu ya kisasa, aliogopa kwamba hasira ya mama ikielekezwa kule itafika. Ungemuuliza kama anaamini mambo hayo angekuambia hapana. Hata hivyo hakulitaja jina la Joyline. Akasema, "Nisamehe, Mama," akainuka.

Maonyesho yakaendelea kumzunguka Gatakaa. Ungecheka kama ungekuwa na nafasi ya kucheka. Wageni walikuja mpaka kwenye kiti, wakamtazama bibi mwenye mkoba aliyekaa mbele ya kitu kilichofunikwa, naye akawatazama mpaka wakaondoka. Mama wa makumbusho alisimama pale muda mrefu. Akamwuliza Mwalimu Beverlyne, kwa heshima, kama bibi ni sehemu ya kazi.

"Ndiyo," Mwalimu akajibu bila kupepesa. "Ndiye kazi yenyewe."

Saa tisa. Saa tisa na nusu. Mwalimu alitoa hotuba, watu wakampigia Kathambi makofi, naye akainama akashukuru na hakusikia neno hata moja. Alikuwa anafikiria kitanda. Alikuwa anamfikiria muuguzi akitoka na kitu kilichofungwa kitambaa, akienda nacho haraka. Alimwahidi Mungu kwamba hatagusa jipsamu tena isipokuwa ya dari, kisha akaona aibu kufanya biashara na Mungu, kisha akaahidi tena. Angeline alimletea soda. Akaishika mpaka ikapata joto mkononi mwake, asiionje.

Simu ikalia saa kumi na dakika ishirini.

"Kiunga?"

Kiunga alikuwa analia. Mwanaume mzima wa kutuma maneno matatu alikuwa analia kwa kwikwi, na hakuna lililoeleweka. Chumba kizima kiliuona uso wa Kathambi, kikamgeukia. Gatakaa alisimama kwenye kiti chake, mkoba ukaanguka.

"Sema, Kiunga! Sema chochote!"

Badala ya Kiunga ikaja sauti nyingine, nyembamba, kali, yenye hasira za mtu aliyeamshwa vibaya. Ililia ikakatika, ikavuta pumzi, ikalia tena. Kathambi aliitoa simu sikioni, akamnyooshea mama yake.

Gatakaa alisikiliza. Alisikiliza mpaka akatosheka, kisha akaurudisha uso juu na kupiga vigelegele, na akina mama wa Kibirichia wakavidaka, migongo ya kuta zote nne ikatetemeka. Mama wa makumbusho akapiga makofi. Omar alikuwa anasema Alhamdulillahi na kufuta macho kwa kofia yake mpya. Ni msichana, Kiunga alisema mwishowe. Mdogo, lakini amefika. Joyline mzima, amechoka, anauliza habari za maonyesho.

Kathambi alikaa kwenye kiti cha mama yake. Alilia kwa sauti, bila haya, na Mwalimu akamwekea mkono begani. Mzigo ulikuwa umemtoka. Alidhani umemtoka.

Gatakaa alikuwa ameshaokota mkoba. "Dereva yuko wapi? Tunakwenda hospitali." Akalifunua tumbo, akaanza kukunja leso yake, na katika kuikunja akalitazama tena lile umbo jeupe, sasa bila hasira, kwa macho ya mtu wa kazi anayeona kazi iliyobaki.

"Hili sasa ulivunje," akasema.

"Mama?"

"Livunje, leo hii. Mtoto yuko nje. Tumbo haliwezi kukaa limejaa na mtoto yuko nje." Alilielekezea kidole, na hakuwa anagomba, alikuwa anauliza kweli, mbele ya Angeline na wote. "Kwani humo ndani kuna nani?"

 Kathambi alijipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa amenyamaza tangu saa nane, na kabla ya hapo alikuwa amenyamaza miaka sita pamoja na nyumba nzima. Angeweza kunyamaza tena. Lilikuwa jambo rahisi: nyundo ilikuwa stoo, mama angeridhika, na mtoto alikuwa hai.

"Wale wawili, Mama," akasema. "Wa Joyline. Wale wa kwanza."

Angeline aliinamisha kichwa. Gatakaa alisimama pale, leso imekunjwa nusu, na midomo yake ikacheza kana kwamba anatafuta neno la kulifukuza lile lililosemwa.  Alinyoosha mkono, ule wenye sugu za jembe, akauweka chini ya kitovu, juu ya kovu. Jipsamu ilikuwa baridi. Akauacha hapo muda mrefu, mpaka dereva akapiga honi nje, na yeye asigeuke.

"Wanatoshea?" akauliza.

"Wanatoshea, Mama," Kathambi akamwambia.